Gavana wa jimbo Marekani kutangaza siku za maombi: huo ukuta wa dini na serikali uko wapi?

#1 Kipanga wa Houston
Wakuu, salaam. Niko Texas tangu 2008 na kuna jambo moja halijawahi kunikaa sawa kichwani. Shuleni tulikaririshwa kwamba Marekani dini na serikali zimetenganishwa na ukuta. Halafu Aprili 2011, ukame umetubana mpaka koo, Gavana Rick Perry anatoa tamko rasmi lenye jina lake na la jimbo, kwamba tarehe 22 hadi 24 Aprili ni Siku za Kuomba Mvua katika Jimbo la Texas. Angalieni kalenda ya mwaka ule: tarehe 22 ilikuwa Ijumaa Kuu, 24 Pasaka.

Wakati huo kibarua changu kilikuwa kukata nyasi kwenye nyumba za watu. Nyasi zenyewe zilikuwa rangi ya karatasi ya kaki, ukikanyaga zinalia kama kaukau. Bosi alitupunguzia siku hadi mbili kwa wiki. Kwa hiyo sitawadanganya, niliomba, tena kwa machozi. Ila swali limebaki: gavana analipwa kwa kodi yangu na ya jirani yangu asiyeamini chochote. Anaruhusiwaje kutuambia tuombe?

#2 Mpiga Zumari
Nimewahi mkeka wa mbele. Kahawa ipo, kashata aje nazo mwingine.

#3 Msomi wa Kijiweni
Jibu fupi: kura. Gavana wa kusini asiyetaja Mungu ni sawa na mbunge wa kwetu asiyekwenda misibani. Perry mwezi Agosti mwaka huohuo alikuwa anatangaza kugombea urais. Maombi ya Aprili yalikuwa mwanzo wa kampeni. Mengine ni mapambo.

Na mbona mmesahau alipokuwa Rais, George W. Bush alitangaza kabisa Siku ya Yesu?

#4 Wakili Msomi Kidogo
Msomi, hapo umeteleza. Bush alitangaza Siku ya Yesu akiwa gavana wa Texas, si rais. Siku yenyewe ilikuwa 10 Juni 2000, na tamko liliwahimiza watu wa Texas wafuate mfano wa Yesu kwa kutenda mema katika jamii zao. Mwaka huo alikuwa anagombea urais, kwa hiyo hoja yako ya kura unaweza kuibakiza.

Mleta mada, tofautisha tamko na amri. Amri ya gavana inabana: asiyeitii ofisini anawajibishwa. Tamko la siku fulani halibani mtu. Kuna siku ya wazima moto, siku ya maziwa, siku ya wakutubi. Ukilala usingizi siku ya maziwa hakuna askari atakayekugongea. Siku ya maombi imekaa kwenye kapu hilohilo, na ndivyo magavana wanavyojitetea.

#5 Kipanga wa Houston
Wakili, ahsante, ila si matamko yote ni mapambo. Mwaka uleule Perry alitoa pia matamko ya maafa kwa ajili ya moto wa nyika na ukame, na hayo ndiyo yanayofungua mfuko wa fedha. Karatasi zinafanana, sahihi ni ileile. Moja inaleta helikopta za maji, nyingine inaleta "amina". Mwananchi wa kawaida atazitofautishaje?

#6 Bint Kisauni
Assalaam aleikum, na wasio wa salaam hiyo hamjambo. Mimi niko Ohio, kwetu Mombasa. Kuomba mvua si jambo la kushangaza kwetu, tuna sala yake kabisa, istiskaa, watu wanatoka nje uwanjani, imamu anageuza shuka lake. Sina ugomvi na gavana kuomba. Ugomvi wangu ni *nani* anaalikwa.

Mfano ni Oklahoma, 2016. Gavana Mary Fallin alitangaza 13 Oktoba kuwa siku ya maombi kwa ajili ya visima vya mafuta, maana bei ya mafuta ilikuwa imeanguka na watu wanapoteza kazi. Tamko la kwanza liliwataja Wakristo. Watu wakahoji: Mwislamu anayechimba mafuta, Myahudi anayechimba mafuta, hawana njaa? Likaandikwa upya, likataja watu wa imani zote. Yaani kufumba na kufumbua tukaingizwa kwenye karamu ambayo tayari sahani zilishahesabiwa.

#7 Mpiga Zumari
Kuombea bei ya mafuta ipande! Na sisi tunaojaza gari kila Jumatatu tuliombewa na nani?

#8 Mzaramo wa Minnesota
Mpiga Zumari umenivunja mbavu.

Huku kwetu kulikuwa na gavana aliyekataa. Jesse Ventura, yule mpiga mieleka. Mwaka 1999 aligoma kutoa tamko la Siku ya Taifa ya Maombi, hoja yake ikiwa kwamba mtu akitaka kuomba hahitaji ruhusa ya serikali. Wakamzonga sana. Halafu 2002 akatangaza 4 Julai kuwa siku ya "wasiogawanyika", na walioomba tamko hilo ni wakanamungu. Na alishinda uchaguzi kwa chama cha tatu, jimbo lililojaa Walutheri. Kwa hiyo Msomi #3, kura peke yake haielezi kila kitu.

#9 Msomi wa Kijiweni
Ventura hakugombea tena 2002, ndugu yangu. Labda ndiyo bei aliyolipa.

#10 Mzaramo wa Minnesota
Hakugombea kwa hiari yake, mwenyewe alilalamikia waandishi kumwandama na familia yake. Usichomeke maombi pasipo na tundu.

#11 Babu wa Nyaraka
Vijana, mnaanzia 2011 wakati mambo haya yameanza kabla ya Marekani kuwa Marekani. Wapuritani wa Massachusetts walikuwa na siku za kufunga na siku za kushukuru, zote zinatangazwa na gavana. Mavuno yakiharibika, ndui ikiingia, meli zikichelewa: gavana anatangaza mfungo. Mambo yakinyooka: gavana anatangaza shukrani. Hiyo Sikukuu ya Shukrani mnayokula bata mzinga ni mtoto wa matamko hayo. Massachusetts walifuta Siku ya Mfungo 1894. New Hampshire waliibakiza kwenye kalenda hadi 1991, ingawa nadhani miaka ya mwisho watu walikuwa wanafunga mikanda ya gari tu kwenda matembezini.

Na huo ukuta mnaousema haukuwahusu magavana mwanzoni. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yaliizuia Kongresi tu, yaani bunge la taifa, kuanzisha dini. Massachusetts iliendelea kuwa na kanisa linalobebwa na sheria ya jimbo hadi 1833. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kusema wazi kwamba katazo la kuanzisha dini linayabana majimbo pia mwaka 1947, kesi ya Everson. Yaani kwa zaidi ya miaka 150 gavana alikuwa anatangaza maombi bila katiba ya taifa kumgusa. Mkono uliozoea kitu miaka 150 hauachi kwa siku moja.

#12 Mkereketwa
Ila Thomas Jefferson, rais wa tatu, aliyeutaja huo ukuta alikuwa na msimamo. Hakuwahi kutoa tamko la maombi maisha yake yote. Huyo ndiye kiongozi.

#13 Babu wa Nyaraka
Mkereketwa, punguza mwendo. Jefferson akiwa *rais* alikataa, ni kweli, na ile barua ya ukuta aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury 1 Januari 1802. Lakini akiwa *gavana* wa Virginia, Novemba 1779, alitoa tamko la siku ya shukrani na maombi, kufuatia wito wa Kongresi ya wakati wa vita. Mtu mmoja, viti viwili, kalamu mbili.

#14 Mkereketwa
Duh. Nakunywa maji.

#15 Bint Kisauni
Babu, kama unayo, tupe ya wale Mayahudi wa Charleston. Niliisikia kwenye darasa la chuo, sikuishika vizuri.

#16 Babu wa Nyaraka
South Carolina, 1844. Gavana James Henry Hammond alitangaza siku ya shukrani akawaalika watu wa jimbo kumwabudu Mungu na Mwanawe Yesu Kristo, mkombozi wa ulimwengu. Charleston ilikuwa na Mayahudi wengi, wenye maduka na masinagogi, wanaolipa kodi kama wengine. Zaidi ya 100 walitia sahihi barua ya malalamiko. Hammond hakuomba radhi. Jibu lake, kwa maana: nilidhani inajulikana kwamba naishi katika nchi ya Kikristo. Aliyemfuata, William Aiken, ndiye aliyetuliza mambo.

Hammond huyo ndiye baadaye, 1858, alisimama Seneti kutetea utumwa na kusema pamba ni mfalme. Hilo la utakatifu wake mtajaza wenyewe.

#17 Bint Kisauni
Basi ndiyo yaleyale ya Oklahoma, miaka 172 kabla. Tofauti ni kwamba Fallin alirekebisha.

#18 Jirani wa Nakuru
Wadau, hebu tusijifanye ni Wamarekani pekee. Ruto 14 Februari 2023 alikuwa Uwanja wa Nyayo na viongozi wa dini kuombea mvua. Na Machi mvua ikanyesha.

#19 Mpiga Zumari
Machi ni masika, jirani. Hata mimi nikiomba Machi inanyesha.

#20 Jirani wa Nakuru
Misimu kadhaa kabla ya hapo masika yalikuja? Ng'ombe wangapi waliisha kule Marsabit? Wewe ulikuwa unakunywa kahawa.

#21 Wakili Msomi Kidogo
Tusichanganye. Katiba ya Kenya kifungu cha 8 inasema hakuna dini ya serikali, lakini utangulizi wake unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Katiba ya Marekani haimtaji Mungu namna hiyo. Tanzania nako Magufuli alitangaza siku tatu za maombi, 17 hadi 19 Aprili 2020, kwa ajili ya korona, na sikumbuki mtu aliyekimbilia mahakamani. Marekani watu hukimbilia. Swali la mleta mada ni kwa nini wakikimbilia hawashindi.

#22 Kipanga wa Houston
Haswa! Na kwenye uzi mwingine niliona mtu akisema Colorado walishinda.

#23 Wakili Msomi Kidogo
Walishinda, kisha wakashindwa. Kuna taasisi ya kutetea wasioamini yenye makao Madison, Wisconsin, Freedom From Religion Foundation. Walishitaki matamko sita ya siku ya maombi ya magavana wa Colorado, ya 2004 hadi 2009. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ya jimbo ikasema ndiyo, yanavunja katiba ya Colorado kwa kupendelea wenye dini. Novemba 2014 Mahakama Kuu ya jimbo ikaipindua. Haikusema matamko ni halali. Ilisema walalamikaji hawana haki ya kusimama mbele ya mahakama, kwa sababu kusononeshwa na karatasi ya gavana si madhara ya kutosha.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa ile sheria ya Siku ya Taifa ya Maombi. Iliwekwa 1952, na 1988 ikafungwa Alhamisi ya kwanza ya Mei. Jaji Barbara Crabb aliikataa 2010, na mahakama ya rufani ikaitupa kesi 2011 kwa sababu hiyohiyo. Na Perry alipopanga mkutano wa maombi pale uwanja wa mpira Houston, walimshitaki pia, wakaambiwa hivyohivyo Julai 2011.

#24 Msomi wa Kijiweni
Kwa hiyo mlango haujafungwa wala haujafunguliwa. Umewekewa mlinzi anayekuuliza, "Wewe umeumia wapi?"

#25 Kipanga wa Houston
Huo mkutano nilikwenda. 6 Agosti 2011. Joto la kuyeyusha lami, ndani kiyoyozi cha kukutetemesha. Uwanja unaoingiza watu zaidi ya 70,000, tulikuwa kama 30,000, na Perry alisimama jukwaani akasoma Biblia na kuomba. Nilikwenda na mwenzangu wa kazi, Mmeksiko Mkatoliki, yeye alifuata ubaridi. Tukatoka, gari lilikuwa tanuri.

Na mvua? Haikuja. 2011 ulikuwa mwaka mkavu kuliko yote Texas tangu waanze kupima. Septemba moto wa Bastrop ukala nyumba zaidi ya 1,600.

#26 Mkereketwa
Kumbe maombi hayakujibiwa. Imeisha hiyo.

#27 Mchungaji Mstaafu
Haijaisha, mwanangu. Anayeomba si mteja anayedai risiti. Ila mimi kama mtumishi nina shida na matamko haya kwa upande mwingine kabisa: maombi yanayopitia kwenye ofisi ya serikali hutoka yamechujwa. Yakimtaja Kristo, Bint Kisauni anaachwa nje, na ana haki ya kulalamika. Yasipomtaja, yanakuwa uji usio na chumvi, hata mimi sijui anaombwa nani. Wabaptisti wa Danbury hawakuwa wakanamungu. Walikuwa waumini wachache waliochoka kukaa chini ya kanisa kubwa la jimbo.

#28 Dereva wa Atlanta
Georgia nako, 13 Novemba 2007, Gavana Sonny Perdue alisimama kwenye ngazi za jengo la serikali hapa Atlanta akaongoza maombi ya mvua. Ziwa Lanier lilikuwa limeshuka mpaka gati za mashua zimekaa juu ya tope. Kamvua kakaja ndani ya siku chache. Wa redio walikuwa wameshakatabiri.

#29 Mwana wa Uvira
Jambo wandugu. Miye niko Iowa, tuko Wakongomani wengi huku. Mwaka 2016 Gavana Terry Branstad alitoa tamko la kuhimiza watu wajiunge na mbio za kusoma Biblia kwenye kaunti zote 99. Mbele ya jengo la kila kaunti, usiku na mchana, Mwanzo mpaka Ufunuo. Kwaya yetu ilifurahi sana, wengine wakauliza tusome kwa Kiswahili. Lakini mzee mmoja wa kwetu alikataa. Alisema: kule nilikokimbia, mkubwa akisema "nawahimiza", ujue kuna daftari la waliokuja na wasiokuja. Tulimcheka. Sasa ninaposoma uzi huu nasema, hakukosea sana. Hakuna daftari, lakini hofu yake haikutoka hewani.

#30 Bint Kisauni
Mwana wa Uvira, mpe huyo mzee shikamoo yangu. Wakili anatuambia "tamko halibani mtu". Halimbani aliye wengi.

#31 Mama Kashata
Nimechelewa ila kashata nimeleta (#2). Jamani, mnamjadili gavana kana kwamba ameketi usiku na kalamu. Mimi nimewahi *kuandika* tamko la gavana.

Jimbo silitaji. Kikundi chetu kilitaka tamko la Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai, ile ya UNESCO. Unaingia kwenye tovuti ya gavana, kuna fomu. Wanataka uombe wiki kadhaa kabla, na wanakuambia ulete maneno mwenyewe: "Kwa kuwa" nne hadi sita, mwisho "Hivyo basi mimi, gavana". Tuliandika jikoni kwangu, watu saba na chupa mbili za chai. Mchungaji wa kamati akasema lazima kuwe na shukrani kwa Mwenyezi Mungu aliyetujalia lugha. Ustadhi akasema sawa, ila "Mwenyezi Mungu" tu, "Bwana" lisiingie. Kijana mmoja anayesoma chuo akasema Mungu asiingie kabisa, hii ni serikali. Tukapiga kura: tano kwa mbili, Mungu akaingia.

Bahasha ikaja, kubwa, ina ubao wa karatasi ndani isikunjike. Karatasi nene, muhuri wa dhahabu wenye meno pembeni, sahihi ya wino wa buluu. Nikasoma. Kila neno letu. Mungu yupo, mstari wa tano. Na lile kosa langu la kuchapa nalo lipo, mstari wa tatu: *Kiswhaili*. Limetiwa muhuri wa jimbo. Liko ukutani kwangu kwenye fremu, wageni wakija nasimama mbele ya mstari wa tatu.

Basi niambieni, pale ni gavana aliyemtaja Mungu, au ni mimi?

#32 Mpiga Zumari
Kiswhaili!!! Nimekufa. Mkalimani aje.

#33 Msomi wa Kijiweni
Mama Kashata, hii inaua nusu ya uzi.

#34 Wakili Msomi Kidogo
Haiui. Ya Mama ililetwa na wananchi. Siku ya Kuomba Mvua ya Perry na ule mkutano vilitoka kwake mwenyewe. Na hata iliyoletwa na wananchi, akishaitia muhuri ni yake. Fomu zenyewe nyingi zinasema ofisi ina haki ya kukataa au kubadili maneno. Hakubadili. Kunyamaza nako ni kuchagua.

#35 Mama Kashata
Hakubadili hata *Kiswhaili*, Wakili. Alichagua na hilo?

#36 Mzaramo wa Minnesota
Wakili kapigwa tobo.

Ila kuna upande wa pili: mlango huohuo wameutumia wengine. Delaware, Gavana Jack Markell alitangaza 12 Februari 2015 kuwa Siku ya Charles Darwin. Nani asome, nani asisome, fomu iko wazi.

#37 Bint Kisauni
Fomu iko wazi kwa anayejua kuwa kuna fomu.

#38 Kipanga wa Houston
Nashukuru wachangiaji. Bado sijapata jibu moja, nimepata sita. Ila Mama Kashata amenitia hamu. Hapa Houston tuko wengi, tuombe tamko letu la 7 Julai. Naanza: "Kwa kuwa Kiswahili kinazungumzwa na mamilioni ya watu..."

#39 Mchungaji Mstaafu
"...na kwa kuwa Mwenyezi Mungu..."

#40 Mkereketwa
Aaah, mzee, si ndiyo umetoka kusema yanachujwa?

#41 Mchungaji Mstaafu
Nilisema yakipitia kwa gavana. Hili linapitia kwa Kipanga.

#42 Bint Kisauni
Kura ifunguliwe. Na kabla ya kutuma, mtu mwingine asome mstari wa tatu.